Mgonjwa anahitaji masaa, mwanafunzi anahitaji masaa, sasa tatizo liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niongezee kidogo kwenye ile makala yenu ya kiharusi. Makala ilikuwa nzuri, presha imeelezwa, chumvi imeelezwa, mazoezi ya mkono na mguu yameelezwa mpaka na picha ya mtu wa fizio anamnyoosha mzee goti, ila nimesoma mwanzo mpaka mwisho sijaona hata mstari mmoja kuhusu wale wanaoamka na kiharusi wakakuta maneno hayatoki. Siwalaumu sana, maana hata hospitalini hao ndo wa mwisho kukumbukwa. Mguu ukigoma kila mtu anauona, maneno yakigoma watu wanasema mzee amekuwa mkimya siku hizi.

Mi nasoma masta ya isimu, nakaa Tabata kwa baba yangu mdogo, na baba mdogo ndo alipata kiharusi, kikampooza mkono na mguu wa kulia, maana upande wa kushoto wa ubongo ndo unaoendesha upande wa kulia wa mwili. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa mengine nimeyasoma na mengine nayaona sebuleni kila siku, nitayachanganya tu mtanisamehe.

Tatizo lenyewe linaitwa afasia. Ubongo ukikosa damu au damu ikivujia ndani, hasa upande wa kushoto ambako kwa watu wengi ndiko lugha iliko, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuongea, au kuelewa anachoambiwa, au kusoma, au kuandika, na mara nyingi ni vyote kidogo kidogo kwa viwango tofauti. Sio ukichaa. Sio uziwi. Akili yake ipo, anakujua, anajua anadaiwa na nani na yeye anamdai nani, ila njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno ndo imeharibika. Mwaka 1861 pale Paris daktari Paul Broca alimpata mgonjwa aliyekuwa akiulizwa chochote anajibu "tan", na hospitali nzima walikuwa wanamwita hivyo hivyo Tan, alipofariki Broca akaufungua ubongo akakuta jeraha sehemu ya mbele kushoto. Miaka 13 baadaye Carl Wernicke kule Ujerumani akaelezea wagonjwa wa aina nyingine, wao wanaongea kama maji tena kwa lafudhi nzuri kabisa ila ukisikiliza hakuna maana, na wenyewe hawaelewi unachowaambia. Hiyo aina ya pili hapa mtaani ndo inapelekwa kwa mganga moja kwa moja. Mtu jana alikuwa mzima, leo anaongea maneno yasiyoeleweka bila kusimama, nani atafikiria mishipa ya damu? Watasema ni jini.

Halafu kuna hili ambalo linavunja ndoa za watu. Baba mdogo hawezi kusema "naomba maji". Hawezi kutaja jina la mama mdogo. Lakini ukianza naye Al-Fatiha anaenda mpaka mwisho bila kukwama, moja mbili tatu anahesabu mpaka kumi, na akikasirika tusi linatoka limenyooka kabisa na herufi zake zote. Mama mdogo mwanzoni alikuwa analia, anasema huyu ananikomoa, mbona matusi anayaweza? Kumbe ni kitu kinachojulikana siku nyingi sana, mwaka 1745 kule Sweden mtu anaitwa Olof Dalin aliandika kuhusu mgonjwa aliyeshindwa kuongea lakini kanisani anaimba nyimbo na kusoma sala akianzishiwa. Maneno yaliyozoeleka mno, sala, nyimbo, kuhesabu, matusi, hayategemei ile njia ya kutunga sentensi mpya, ndo maana yanabaki. Mpaka kuna tiba ilitengenezwa Boston miaka ya 1970 inayotumia wimbo kumrudisha mgonjwa kwenye maneno. Sasa mama mdogo aliambiwa na nani haya yote? Na mimi, mtoto wa kusomea viambishi. Hakuna mtu mwingine aliyekaa naye kumweleza, na hilo ndo linanifanya niandike.

Turudi kwenye idadi. Tafiti nyingi duniani zinaonyesha kwamba karibu theluthi moja ya wanaopata kiharusi wanapata na afasia. Na hapa kwetu kiharusi sio kidogo jamani. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti mkubwa wa kuhesabu viharusi kwenye maeneo mawili, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na hapa Dar es Salaam, ukachapishwa 2010 kwenye jarida la Lancet Neurology. Walipoweka sawa tofauti za umri ili maeneo yalinganishwe, Hai walipata kama watu 109 wapya kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar wakapata kama 316. Mia tatu na kumi na sita! Juu ya nchi nyingi tajiri. Piga mwenyewe hesabu ya theluthi yake kwenye jiji lenye mamilioni ya watu, halafu ujiulize hao watu wako wapi. Wako ndani, Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Buza, wamekaa kwenye kochi wanaangalia tivii na familia inaongea juu ya vichwa vyao kama hawapo.

Na kuongea kwenyewe kunatibika, hapa ndo watu wengi hawajui. Haimaanishi mtu anarudi kama zamani, wengine wanarudi kabisa wengine hawarudi, ila tiba ya usemi na lugha inasaidia. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Marian Brady kule Scotland walikusanya majaribio 57 wakaona kwamba waliopata tiba wanawasiliana vizuri kuliko wasiopata. Baadaye, 2022, timu hiyo hiyo ikaangalia ni masaa mangapi ya tiba yanaleta faida zaidi, jibu likawa kwenye saa 20 mpaka 50 kwa jumla. Nataka wasomaji wako waishike hiyo namba, maana barua yangu yote imesimama juu yake. Saa ishirini mpaka hamsini za kukaa na mgonjwa mmoja, uso kwa uso, unarudia, unasubiri, unamsaidia kwa picha, kwa ishara, kwa kuandika.

Nani ana hizo saa? Wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno, na hao wachache wengi wao wanahangaika na watoto, watoto wenye usonji, wenye mdomo sungura, wenye utindio wa ubongo, waliochelewa kuongea, na hao watoto nao wana haki yao huwezi kusema waachwe. Juu ya hapo mtaalamu huyo huyo ndo anatakiwa aangalie wagonjwa wa kiharusi wanaopaliwa, maana kiharusi kinaharibu na kumeza, uji unapita njia ya hewa mtu anapata nimonia anakufa wakati familia inasema jamani alikuwa anaendelea vizuri. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afasia anapata nini? Anapata dakika kumi, akibahatika, na ushauri wa "mwongeleshe ongeleshe".

Sasa angalia upande wa pili. Mwanafunzi anayesomea kazi hii naye anatafuta masaa. Kule Marekani huwezi kupata cheti cha kufanya kazi ya tiba ya usemi mpaka umalize masta na ujaze saa 400 za vitendo, 25 za kuangalia wengine wanavyofanya na 375 za kukaa na mgonjwa mwenyewe chini ya msimamizi, na katika hizo ni 75 tu unaruhusiwa kuzifanya kwa mifano ya kuigiza. Baada ya hapo bado kuna karibu mwaka wa kazi ya kusimamiwa. Ndo maana vyuo vyao vingi vina kliniki ndani ya chuo, mgonjwa anakuja analipa kidogo au halipi, mwanafunzi anamhudumia, mwalimu anaangalia kupitia kioo au amekaa pembeni, na hapo hapo kuna mwanafunzi mwingine wa digrii ya kwanza anasaidia kwenye maabara ya utafiti, anaandika kila neno lililosemwa kwenye rekodi, anahesabu makosa, anajifunza afasia ni nini kabla hata hajaamua kuwa mtaalamu. Afrika Kusini wanaomaliza fani hii wanapelekwa mwaka mmoja kutumikia hospitali za umma kama madaktari. Majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere kule Uganda walianzisha digrii ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na hawakusubiri kwanza wawe na wataalamu wa kujaza basi.

Na sisi tumeanza, nisiwe mchoyo wa kusema. MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili, sasa hivi kuna digrii ya usikivu na tiba ya usemi, hiyo ni hatua kubwa na waliopigania nawapa hongera zao. Kwa hiyo mgonjwa anatafuta saa 50, mwanafunzi anatafuta mamia ya masaa, na wote wako kwenye jiji hili hili, wanapanda mwendokasi hiyo hiyo. Mi nashindwa kuelewa kwa nini tusiwakutanishe kwa wingi na kwa mpangilio, sio kwa bahati.

Najua kuna watu watasema eti mnataka watoto wajifunzie kwa wagonjwa wetu. Ndugu zangu, nani pale Muhimbili, Amana, Temeke, Mwananyamala hajawahi kupimwa presha na mwanafunzi? Madaktari wote mnaowaamini leo walijifunzia kwa mtu, tena kwa sindano. Hapa hakuna sindano, kuna picha ya mwembe na mtu mwenye subira. Kinachotakiwa ni msimamizi awepo, mgonjwa aulizwe na akubali, na akubali kwa njia anayoielewa yeye, maana fomu ya kurasa tatu huwezi kumpa mtu mwenye afasia ukasema amesaini. Hilo nalo ni somo, mwanafunzi akijifunza kumweleza mgonjwa wa afasia ridhaa kwa picha na maneno mafupi basi kazi yote iliyobaki itakuwa rahisi.

Sasa nije kwenye langu. Nilitaka tasnifu yangu iwe ya afasia ya Kiswahili. Nikaenda kwa walimu wa lugha wakaniambia kijana hii mada nzuri ila ni ya udaktari, nenda kwenye mambo ya afya. Nikaenda hospitali moja hapa mjini, nikakaa kwenye benchi mpaka nikapafahamu, mwishowe naambiwa wewe sio mtu wa afya, kibali chako kitapitia wapi? Propozo imepita ofisi na ofisi, kila ofisi inaipenda na hakuna inayoichukua. Muda wa fildi ukaisha. Supavaiza wangu akanishauri, kwa upendo tu, nibadilishe niandike juu ya majina ya daladala. Sina shida na majina ya daladala, ni mada tamu, lakini daladala hazijapata kiharusi.

Na utafiti huu tunauhitaji kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hata hao wanafunzi wa MUHAS watapimia nini? Vipimo vingi maarufu vya afasia vimetungwa kwa Kiingereza. Kuna kipimo kimoja maarufu cha Boston chenye picha 60, mgonjwa anaonyeshwa picha anataja jina. Humo kuna nyumba ya barafu ya watu wa ncha ya dunia, kuna mnyama anaitwa biva, kuna asparaga. Mpe mzee wa Kigamboni mwenye akili timamu ambaye hajawahi kuumwa hata kichwa, atashindwa picha nyingi tu, utamwandikia ana afasia? Wamarekani pia wana hazina kubwa ya video inaitwa AphasiaBank, ilianzishwa 2007 na ni nzuri kwa kufundishia, nyingi ni za Kiingereza, wagonjwa wanaombwa wasimulie hadithi ya Cinderella na waeleze jinsi ya kutengeneza mkate wa siagi ya karanga na jemu. Kwao sawa. Bibi wa Kiwalani muombe asimulie Sungura na Fisi, muombe aeleze chapati zinavyosukumwa, hapo ndo utajua kama lugha ipo au haipo, na kama anaruka hatua utajua ni ubongo sio ugeni wa jambo. Nani atakusanya hizo hadithi? Nani ataweka vipimo vya watu wazima wasio na ugonjwa, wa umri tofauti, waliosoma na wasiosoma, ili tujue kawaida ni nini? Hiyo ni kazi ya wanafunzi. Hakuna profesa atakayezunguka Kiwalani na Vingunguti akirekodi bibi arobaini, ila darasa moja la wanafunzi linaweza likamaliza muhula mmoja.

Kuna na suala la lugha yenyewe ilivyojengwa, hapa nitawachosha kidogo wasio watu wa isimu. Mgonjwa wa aina ya Broca, yaani yule anayeelewa kiasi ila maneno yanatoka kwa shida, kama anaongea Kiingereza anaangusha vile vineno vidogo na viishio, anasema kitu kama "mwanamke, sahani, osha". Sasa Kiswahili tunabandika kila kitu kwenye kitenzi kimoja, "hatukuwapelekea", humo kuna kukanusha, kuna sisi, kuna wakati uliopita, kuna wao, kuna kupeleka na kuna kwa ajili ya. Mgonjwa wetu ataangusha nini? Atabaki na "pelek" ambayo haitamkiki? Atachanganya ngeli aseme "kitu wangu"? Mwaka 1990 Lise Menn na Loraine Obler walikusanya masimulizi ya wagonjwa wa aina hii kwa lugha 14, mna Kifini mna Kijapani mna Kiebrania, hamna lugha hata moja ya Kibantu. Baadaye Tom Abuom akishirikiana na Roelien Bastiaanse wa Groningen kule Uholanzi walichapisha, kuanzia 2011 mpaka 2013, kazi juu ya wagonjwa wa Kenya wanaoongea Kiswahili na Kiingereza, wakaona kati ya mengine kwamba kuzungumzia wakati uliopita kunawapa shida kuliko ujao. Kazi safi kabisa. Lakini hao ni wa Kenya na wana lugha mbili za shule, wagonjwa wetu hapa ni mtu wa Kiswahili tupu, au Kiswahili na Kisukuma, Kiswahili na Kihaya, Kiswahili na Kimakonde.

Na hilo la lugha mbili lisipite hivi hivi. Mwaka 1895 Mfaransa Albert Pitres aliandika kwamba mtu wa lugha nyingi akipata afasia, inayorudi kwanza mara nyingi ni ile aliyokuwa anaitumia zaidi kabla ya kuugua. Mfaransa mwenzake, Ribot, yeye alisema ni ya utotoni. Wagonjwa wengine wanamfuata huyu, wengine yule, wengine hawamfuati yeyote. Sasa mzee wa Kichaga ameishi Dar tangu ujana, kiharusi kimempata, kinachorudi ni Kichaga, nesi wa zamu ni Mzaramo, kwenye faili anaandika mgonjwa amechanganyikiwa. Mwanafunzi aliyefundishwa angeuliza swali moja tu kwa familia, nyumbani mnaongea lugha gani, na lile faili lingesomeka tofauti kabisa.

Ninachoomba sio jengo jipya wala mradi wa wafadhili. Wagonjwa wa kiharusi wana siku zao za kliniki, wanajaa kwenye mabenchi kuanzia alfajiri wakisubiri presha na dawa. Hapo kwenye benchi kuna masaa matatu manne ya bure kila mgonjwa. Waweke wanafunzi wa usemi hapo na msimamizi wao mmoja, hata chini ya hema, wapime, waongee na familia, wapange mgonjwa gani aje lini. Msimamizi sio lazima awe mmoja kwa mwanafunzi mmoja muda wote, na kwa wagonjwa wa mbali kuna simu, video ya simu inatosha kufanya mazoezi ya maneno kama bando lipo na mjukuu wa kushika simu yupo. MOI wanapokea wagonjwa wa kichwa, CCBRT wamekaa na watu wenye ulemavu miaka mingi, mahali pa kuanzia hapakosekani.

Wa isimu nao waingizwe. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili, kuna watu wameumia miaka na fonolojia na mofolojia ya lugha hii, wapewe wanafunzi wa kusimamia pamoja na madaktari, tasnifu moja wasimamizi wawili, mmoja wa lugha mmoja wa hospitali, na kibali kimoja cha maadili kinachoeleweka kitatolewa na nani na kwa muda gani. Mwanafunzi wa masta hana miaka mitatu ya kusubiri saini. COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, wakitenga hata vijifungu vidogo vya wanafunzi, vya kununua kinasa sauti, nauli na soda ya mgonjwa, utashangaa kitakachotoka. Na jamani mikopo ya fildi ifike kabla ya fildi, hili nalisemea kila kozi sio yetu tu.

Familia nazo zifundishwe, tena na wanafunzi hao hao. Kule Toronto Aura Kagan na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watu wa kujitolea wakifundishwa namna ya kuongea na mwenye afasia, mazungumzo yanakuwa mazuri na mgonjwa mwenyewe anaonekana ana uwezo zaidi, wakati yeye hajabadilishwa kitu, aliyefundishwa ni anayeongea naye. Sisi hatukosi watu wa kuongea nao, nyumba zetu zimejaa. Tatizo ni kwamba wote wanaongea kwa pamoja, wanamalizia sentensi ya mgonjwa, wanapandisha sauti kama vile ni kiziwi, na wanamuuliza "eti unanikumbuka mimi nani?" kila wakija kumjulia hali, mpaka mzee anageukia ukutani. Mwanafunzi akikaa na familia mchana mmoja akawaonyesha swali la ndiyo au hapana linavyoulizwa, jinsi ya kusubiri bila kumrukia, jinsi ya kuweka karatasi na kalamu mezani, hiyo ni huduma tosha na gharama yake ni nauli.

Nimesahau kitu, na hiki kinauma. Mtu mwenye afasia anaibiwa. Namba ya siri ya M-Pesa hawezi kuisema wala kuiandika, benki anaambiwa saini haifanani, shamba linauzwa na ndugu wanasema mzee hajitambui. Hana wa kuthibitisha kwamba anaelewa, kwa sababu hakuna aliyempima kwa lugha yake. Ripoti ya mtaalamu ingeweza kumsimamia mbele ya mwenyekiti wa mtaa au hakimu. Nchi zingine hiyo ni sehemu ya kazi ya watu wa usemi, na wanafunzi wanafundishwa kuiandika.

Mhariri, fildi za vyuo vingi zinaanza Julai. Bado kuna muda wa idara mbili kukaa meza moja, hata kama ni kwa wanafunzi watano tu wa kuanzia. Kama kuna daktari au mkuu wa idara anayesoma hapa na ana kliniki yenye wagonjwa wa kiharusi, mimi na wenzangu kadhaa wa darasani tuko tayari kuja kurekodi na kuandika chini ya mtu yeyote atakayetusimamia, wa afya au wa lugha hatuchagui. Namba yangu nimeiacha ofisini kwenu, naomba mumpe atakayeuliza.

Wako,
Msomaji, mwanafunzi wa isimu
Tabata, Dar es Salaam